Kutoka Langoni hadi Benchi: James Siang'a na Makocha Tunaowahitaji Soin

Nimeombwa nizungumzie safari ya mchezaji wa soka anayegeuka kuwa kocha. Nitaizungumzia kupitia mtu mmoja zaidi ya wengine, marehemu James Siang'a, kisha nitashuka hadi hapa kwetu, kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu kuliko tunavyodhani. Tumezoea kumsubiri mchezaji hadi magoti yamchoke ndipo tumwambie, "Sasa fundisha." Mimi nasema wakati huo umeshachelewa. Ukocha ni kazi ya kujifunza mtu akiwa bado na njumu miguuni, na asipopewa nafasi hiyo mapema, jina lake kubwa halitamsaidia yeye wala sisi.

Siang'a alikuwa kipa. Mwaka wa 1972 Kenya ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, kule Cameroon, naye alikuwamo katika kikosi hicho. Tulifungwa na wenyeji 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Mali, tukatoka sare ya 1-1 na Togo, tukarudi nyumbani. Matokeo hayo yanaweza kuonekana madogo, lakini kumbukeni kwamba Kenya haikurudi katika mashindano hayo hadi mwaka wa 1988, na haikushinda hata mechi moja humo hadi mwaka wa 2004 kule Tunisia, tulipoilaza Burkina Faso 3-0 chini ya Jacob Mulee, ambaye wengi mnamjua kama Ghost. Kizazi cha Siang'a ndicho kilichofungua mlango. Gor Mahia nayo ilimjua kama kipa, na baadaye ikamjua kama kocha.

Nataka tukae kidogo kwenye nafasi ya kipa, kwa sababu inaeleza mengi. Mshambuliaji hucheza akiwa ameupa mgongo uwanja mzima. Winga anaijua laini yake na beki anayemkaba. Kipa peke yake ndiye anayetazama wachezaji wote 21 waliobaki wakiwa mbele ya macho yake, dakika 90, na sehemu kubwa ya dakika hizo mpira uko mbali naye. Anafanya nini muda huo? Anazungumza. Anamwambia beki wa kushoto asogee ndani. Anamwambia kiungo wa kukaba kwamba kuna mtu nyuma yake. Anapanga ukuta kabla ya frikiki. Anaona krosi inakuja hata kabla winga hajainua mguu, kwa sababu ameona beki wetu amepoteza nafasi sekunde tatu zilizopita. Kipa mzuri amekuwa akifundisha wenzake tangu siku ya kwanza aliposimama langoni, ila hatumwiti kocha. Italia wanalijua hili vizuri. Dino Zoff aliinua Kombe la Dunia la 1982 akiwa kipa na nahodha, na mwaka wa 2000 akaifikisha timu hiyo hiyo fainali ya Ulaya akiwa kocha.

Sasa twendeni mwaka wa 2003. Siang'a yuko Dar es Salaam, ni kocha wa Simba, na Simba imepangiwa Zamalek ya Misri katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Zamalek ndio waliokuwa wanashikilia kombe, walilichukua mwaka wa 2002. Mshindi anaingia hatua ya makundi, na kwa upande wa Tanzania ni Yanga tu iliyokuwa imefika huko, mwaka wa 1998. Mechi ya kwanza Dar es Salaam, Simba wakashinda 1-0. Wale mnaofuata soka ya Afrika mnajua bao moja la nyumbani lina thamani gani mbele ya klabu ya Misri. Ni kidogo mno. Timu nyingi zimekwenda Cairo na mabao mawili zikarudi mikono mitupu.

Zamalek wakapata bao lao Cairo. Jumla ikawa 1-1, mechi ikaamuliwa kwa penalti. Fikirieni kazi ya kocha katika dakika hizo chache kabla ya mkwaju wa kwanza. Wachezaji wamelala kwenye nyasi wakinyooshwa misuli. Uwanja wote unawazomea. Kocha anatembea katikati yao na lazima achague watu watano. Hachagui wenye mashuti makali. Anatazama nani anamkwepa macho, nani anafunga kamba za viatu vilivyokwisha kufungwa, nani anasema "mimi nipo" kwa sauti isiyotetemeka. Na langoni ana kijana Juma Kaseja, ambaye wakati huo alikuwa bado hajafikisha umri wa miaka 20. Kocha ambaye aliwahi kusimama langoni anajua kijana huyo hahitaji hotuba. Simba wakashinda penalti 3-2. Bingwa wa Afrika akatolewa nyumbani kwake, Kaseja akawa shujaa wa nchi nzima, na hadi leo ukitaja mwaka wa 2003 mbele ya shabiki wa Simba huna haja ya kumaliza sentensi.

Kutoka Cameroon hadi usiku ule wa Cairo ilikuwa miaka 31. Nawaomba vijana mtege sikio kwa nambari hiyo. Si kwamba Siang'a alikuwa mzito wa kujifunza. Ni kwamba kazi ya ukocha haina njia ya mkato. Katikati ya miaka hiyo alifundisha klabu, akainoa timu ya taifa, Harambee Stars, akavuka mpaka, akafanya kazi na watu wasiomjua kama mchezaji. Na hilo la kuvuka mpaka linaniuma. Alipofariki mwaka wa 2016, Watanzania waliomboleza mtu wao. Sisi Wakenya, wengi wetu, tulianza kuuliza alikuwa nani. Mechi yake kubwa kuliko zote aliicheza akiwa kwenye benchi la jirani.

Hapa katika nchi ya chai tunajua tofauti ya kazi mbili zinazofanana kwa mbali. Mchumaji anayeleta kilo nyingi kuliko wenzake, anayekata majani mawili na chipukizi bila kutazama mikono, huyo si lazima awe msimamizi mzuri wa kikosi cha wachumaji. Vidole vyake vinajua, lakini hajawahi kulazimika kueleza vinajua nini. Ndivyo ilivyo kwa mchezaji mwenye kipaji. Joe Kadenge alikuwa na kipaji kilichowafanya Wakenya wote wajue maneno "Kadenge na mpira", sauti ya marehemu Leonard Mambo Mbotela redioni ikiwa ndiyo iliyoyafikisha vijijini. Kadenge alifundisha pia baada ya kuacha kucheza. Lakini nchi haikumwandalia mahali pa kuutia ujuzi ule, na watu wengi wa Nairobi walimkuta barabarani akiendesha teksi. Hakuna aibu katika teksi, ni kazi halali. Aibu ni yetu, tuliokuwa na mwalimu na hatukumtafutia darasa. Alifariki Julai 2019, na viongozi wakasema maneno mazuri sana mazishini.

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Mwezi Machi 2025 Kenya ilimchukua Benni McCarthy wa Afrika Kusini kuwa kocha wa Harambee Stars. Huyu ni mfungaji bora wa nchi yake, mabao 31, na bingwa wa Ulaya akiwa na Porto mwaka wa 2004. Agosti mwaka huo wa 2025, katika mashindano ya CHAN tuliyoandaa pamoja na Tanzania na Uganda, vijana wa ligi yetu waliifunga DR Congo 1-0, wakatoka sare na Angola, wakaifunga Morocco 1-0, wakaifunga Zambia 1-0. Madagascar wakatutoa robo fainali kwa penalti pale Kasarani. Mtu akitazama haya atasema, basi, mleteni mchezaji mashuhuri na kazi imekwisha. Lakini angalieni alikopita. Alianza na Cape Town City, akaenda AmaZulu akaifikisha nafasi ya pili katika ligi, kisha akakubali kuwa msaidizi Manchester United, awanoe washambuliaji tu, katika klabu ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuifunga mabao mawili. Aliyekuwa nyota alikubali kukaa kiti cha nyuma ili ajifunze. Na kocha aliyemfikisha kileleni kule Porto alikuwa José Mourinho, mtu ambaye hakuwahi kuwa mchezaji wa maana hata kidogo.

Kwa hiyo kucheza vizuri hakutoshi, na kutocheza vizuri hakumzuii mtu. Kinachobaki ni kujifunza.

Nyinyi watu wa huku mnaujua ukweli huu kuliko watu wengi duniani, ila mmeuweka upande wa riadha. Wilson Kiprugut wa Kericho ndiye Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki, shaba ya mita 800 Tokyo mwaka wa 1964, kisha fedha Mexico mwaka wa 1968. Tangu wakati huo mabonde na milima hii imezaa wakimbiaji. Lakini haikuishia hapo, kwa sababu wakimbiaji walizaa makocha. Mtazameni Patrick Sang wa Nandi. Alikuwa na fedha ya Barcelona mwaka wa 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji. Kijana wa jirani, Eliud Kipchoge, akaenda kumwomba programu ya mazoezi, akaimaliza, akarudi kuomba nyingine, na nyingine. Mwaka wa 2003 kijana huyo akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000, na baadaye akashinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Sang hakumpa Kipchoge medali yake ya fedha aivae. Alimpa mpango ulioandikwa, unaofuatwa siku kwa siku, na jicho la mtu anayejua mwili unapodanganya. Utamaduni huo wa bingwa wa jana kumlea bingwa wa kesho upo, unaishi, unakula nasi meza moja. Soka yetu haijauazima.

Mahali pengine Kenya wameuazima, tena pasipo na nyasi. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianzishwa mwaka wa 1987, na tangu mwanzo kilikuwa na utaratibu mmoja wa ajabu: timu hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa wao, na vijana wenyewe ndio huwa marefa, wapangaji wa ratiba na makocha wa wadogo zao. Kijana wa miaka 16 anacheza Jumamosi asubuhi na mchana anasimama kando ya kiwanja akiwafundisha watoto wa miaka 10. Hapo ndipo alipotoka Francis Kimanzi. Aliichezea Mathare United, akaifundisha Mathare United, na mwaka wa 2008 akaipa ubingwa wa ligi kuu, ubingwa wa kwanza na wa pekee wa klabu hiyo. Mwaka huo huo alikuwa akiinoa Harambee Stars. Watu walishangaa kwamba ni kijana mno. Hakuwa kijana kwa kazi ile, kwa maana alikuwa ameianza zamani.

Sasa turudi kwetu. Kericho na Bomet hatukukosa viwanja. Kampuni za chai zilipojenga nyumba za wafanyakazi zilijenga pia zahanati, shule na kiwanja cha mpira, na kila shamba likawa na timu yake. Watu wa makabila yote walikutana hapo Jumapili, Wakipsigis, Waluo, Waluhya, Wakisii. Lakini timu ile ilikuwa ya mwajiri. Mashine za kuchuma zilipoingia na wachumaji wakapungua, na mashamba yakauzwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, timu zikapungua pia. Teremkeni upande wa miwa muone jambo hilo hilo: Sony Sugar walikuwa mabingwa wa Kenya mwaka wa 2006, na mwaka wa 2019 waliondolewa ligini baada ya kushindwa kufika kwenye mechi tatu. Muhoroni na Chemelil, majirani zetu kabisa, nazo ziliteremka daraja. Mwajiri akikohoa, timu inalazwa hospitalini. Wachezaji walibaki na nini? Wengi walibaki na kumbukumbu. Laiti wangebaki na ujuzi wa kufundisha, wangeweza kuuchukua na kwenda nao popote, hata kiwanda kikifungwa.

Kisha tukapata Zoo. Sitaki kupita haraka hapa kwa sababu najua jinsi ilivyouma. Mwaka wa 2017 Zoo Kericho iliingia ligi kuu, na Gor Mahia na AFC Leopards wakaja kucheza Kericho Green Stadium kama wageni wetu. Msimu ule ule Mike Madoya wa Zoo akatajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Nicholas Kipkirui akatoka hapo akaenda Gor Mahia na Harambee Stars. Watoto wa shule wakaanza kuvaa jezi ya timu ya nyumbani. Mwaka wa 2021 FIFA ikaiondoa Zoo katika ligi na kuiteremsha daraja, kwa kosa la upangaji wa matokeo ya mechi. Ndoto ya miaka minne ikakatika kwa barua.

Mnaniuliza hili linahusianaje na ukocha. Linahusiana sana. Upangaji wa mechi unapenya mahali ambapo mchezaji hajalipwa miezi kadhaa na haoni kesho yake baada ya mpira. Mtu anayejua kwamba akifika miaka 32 ana kazi nyingine inayomsubiri, ana leseni, ana watoto wanaomwita kocha na wazazi wanaomwamini, huyo ana kitu cha kupoteza. Anayeambiwa kwamba baada ya njumu hakuna kitu, mlaghai atamkuta mlango wazi. Sisemi kwamba njaa inahalalisha. Nasema tukitaka mchezo safi tuwape wachezaji kesho.

Niliwatazama vijana wakifanya mazoezi karibu na Kapsorok, kwenye kile kiwanja kilichoinama. Kulikuwa na msichana, kiungo wa timu ya wasichana, aliyeachiwa watoto wakati wakubwa wakisubiri zamu yao. Beki mdogo alikuwa akipokea pasi kila mara akiwa amelikabili lango lake mwenyewe, akigeuka anakuta amezingirwa. Mtu mwingine angepiga kelele. Yule msichana alisimamisha mchezo, akamshika mabega mtoto, akamgeuza nusu, mguu wa nyuma ukawa wazi kuelekea uwanjani. "Pokea na huu," akasema, akaugusa mguu wa mbali. Akarudi nyuma, akampa pasi mwenyewe. Mara ya kwanza mpira ulimpita. Mara ya pili aliuzuia. Mara ya tatu aliupokea na kugeuka kwa mguso mmoja, akatazama mbele, akaona uwanja wote. Hakuna aliyempigia makofi isipokuwa yule msichana. Hiyo ndiyo kazi ya kocha yote, na ilifanywa na mchezaji ambaye kilele chake cha kucheza bado hakijafika.

Na msiseme ni wasichana tu. Timu ya kwanza ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA ilikuwa ya wasichana wa chini ya miaka 17, kule Jamhuri ya Dominika mwaka wa 2024, chini ya kocha Mildred Cheche. Walifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakaifunga Mexico 2-1.

Kwa hiyo ninaloomba ni hili. Kila timu ya wakubwa katika wadi zetu nne, Sigowet, Kaplelartet, Soliat na Soin, itoe wachezaji wawili, mvulana na msichana kama inao, ambao bado wanacheza na bado wana nguvu. Wapewe watoto wa chini ya miaka 12 mara mbili kwa wiki katika kiwanja cha shule ya msingi iliyo karibu. Wasiwe mashujaa wa timu, wawe wale wanaopenda kueleza. Wengi watakuwa makipa, nawaambieni mapema. Mwalimu mkuu aweke daftari la mahudhurio. Wazee wa timu, ninyi mliocheza katika mashamba ya chai, mje mkae kando mtazame na mseme mnachokiona, lakini msipige kelele.

Baada ya mwaka mmoja tutajua nani ana moyo wa kazi hiyo. Hao ndio tuwatafutie kozi ya leseni ya D ya CAF, ambayo ndiyo ngazi ya chini kabisa. Juu yake kuna C, kuna B, kuna A, na juu kabisa ile ya wataalamu. Kocha asiye na karatasi ya juu hapewi timu katika mashindano ya vilabu vya Afrika siku hizi, hata kama alicheza na nani. Ngazi hizo huchukua miaka, na kila ngazi ina ada, nauli na siku za kutokuwa kazini. Nimeisikia hoja kwamba kaunti haina fedha. Kaunti ina fedha za jezi kila uchaguzi unapokaribia. Jezi huchakaa msimu mmoja. Ada ya kozi ya vijana wanane haizidi sana jezi za timu chache, na mjumbe wa bunge la kaunti anayetaka kura anaweza kuonyeshwa hesabu hiyo akiwa ameketi.

Mwaka wa 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja Kenya, Tanzania na Uganda. Mashindano yatakuwa ya wiki chache, na viwanja vikubwa vitakuwa mbali na hapa. Lakini mtoto wa miaka 10 anayeanza mwezi ujao pale Kapsorok atakuwa na miaka 20 itakapofika 2036 au karibu na hapo, na yule kiungo anayemfundisha atakuwa na umri ambao Kimanzi alikuwa nao alipokuwa anakabidhiwa timu. Majina tutayaandika leo hapa mlangoni, kabla watu hawajatawanyika. Daftari lipo kwa mwalimu wa michezo, na kalamu ninayo mimi.